Kununua boti ya wagonjwa kwa fedha za umma: mwongozo kwa halmashauri za kando ya Ziwa Victoria

Mwongozo huu unawahusu watu wanne: mganga mfawidhi anayeomba boti, afisa ununuzi anayeingiza ombi kwenye mfumo, mjumbe wa kamati ya tathmini, na yule atakayesimama mwaloni siku boti inaposhushwa majini. Umeandikwa kwa kuangalia halmashauri zenye visiwa mkoani Mwanza, kama Ukerewe na Buchosa, ambako mama mwenye uchungu pingamizi hawezi kusubiri kivuko cha asubuhi.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Usilolidai kwenye vigezo vya kiufundi hutalidai mwaloni. Mzabuni ataleta kilichoandikwa, na akileta pungufu kuliko ulivyotaka moyoni, mkataba utakuwa upande wake.

Anza na safari kabla ya boti

Kabla ya kufikiria nguvu za farasi, mganga mfawidhi aandike karatasi moja yenye majibu haya: mgonjwa anatoka wapi na kwenda wapi, ni kilomita ngapi majini, nani wanasafiri naye, mara ngapi kwa mwezi, na usiku ni ngapi kati ya hizo. Aeleze pia gati la kila upande: ni la zege, la mbao, au ni mchanga mtupu ambako watu hushuka na kuvuka maji ya magotini? Boti nzito yenye mkuku mrefu (uti wa chini wa boti) haifai mahali pa kuburuzwa mchangani.

Tuchukue mfano wa safari ya kilomita 30 kwenda. Ndani wako nahodha, msaidizi wake, muuguzi, mgonjwa kwenye machela na ndugu wawili. Weka nafasi ya mtu mmoja zaidi, wawe saba. Injini ya nguvu za farasi 40 ya aina ya kuchanganya oili (oili hutiwa ndani ya petroli) hutumia takribani lita 18 kwa saa ikikimbizwa. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, safari ni saa moja na dakika 12, yaani lita 22 hivi. Kanuni ya majini ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Jumla ni lita 66, kwa hiyo boti inahitaji matangi matatu ya lita 25 na mahali pa kuyafunga yasitembee. Hesabu hii ndogo huamua ukubwa wa boti, na pia huonyesha kama kituo kina uwezo wa kuilisha. Boti nyingi za umma hufa kwa kukosa mafuta kabla hazijafa kwa ubovu.

Ziwa lenyewe liingie kwenye karatasi hiyo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na boti iliyokadiriwa kwa maji ya asubuhi yaliyotulia itawatesa watu alasiri.

Fedha, mpango na njia ya ununuzi

Ununuzi unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na Kanuni zake za mwaka 2024, na unafanyika ndani ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kuanzia mpango wa mwaka hadi mkataba. Ombi lisilo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka halisogei, kwa hiyo idara ya afya ihakikishe boti imeingizwa humo mapema pamoja na kifungu chake cha bajeti.

Kwenye makadirio usiandike bei ya boti na injini peke yake. Ongeza jaketi okozi, vifaa vya mawasiliano, usafirishaji hadi kisiwani, ukaguzi na usajili wa chombo, mafunzo ya nahodha, spea za mwaka wa kwanza, na VAT ya asilimia 18. Uliza bei kwa wauzaji wasiopungua watatu wa Mwanza na Dar es Salaam, na uulize kila mmoja kama bei yake ina VAT au haina. Makadirio mengi hupotoka hapo. Ukikadiria chini, zabuni zote zitazidi bajeti na mchakato utarudi mwanzo wakati mwaka wa fedha unakwisha.

Njia ya ununuzi hutegemea thamani na ukomo uliowekwa na Kanuni, na kitengo cha usimamizi wa ununuzi ndicho kinachoshauri. Kinachotakiwa kuepukwa ni kukata ununuzi mmoja vipande vipande, ganda la boti leo, injini mwezi ujao, machela mwezi wa tatu, ili kila kipande kikwepe ushindani. Wakaguzi huliona hilo kwa kulinganisha tarehe na namba za maombi tu. Zaidi ya hapo, ganda na injini vikitoka kwa watu wawili, siku boti ikishindwa kukimbia kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Viweke mikononi mwa mzabuni mmoja.

Kugawa zabuni moja katika mafungu yanayotangazwa pamoja ni jambo jingine, tena linaruhusiwa. Sheria inataka asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wa mwaka itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Fungu la turubai, mito ya viti, makasia na vifaa vya usafi linaweza kwenda huko vizuri kabisa. Jaketi okozi pia, mradi vigezo visilegezwe.

Kuhusu muda, ombi likipanda Julai au Agosti, kunabaki nafasi ya kutangaza, kutathmini, kujenga na kujaribu kabla ya Juni 30. Likipanda Machi, kamati ya mapokezi itasukumwa isaini haraka fedha zisirudi, na saini ya haraka ndiyo inayoleta boti mbovu kisiwani.

Vigezo vya kiufundi

Hapa ndipo pa kukaa siku mbili, tatu. Tazama kifungu hiki, ambacho kwa namna moja au nyingine huonekana mara nyingi mno:

"Boti ya kisasa ya faiba, yenye injini imara na vifaa vyote vya uokozi."

Hakuna neno hata moja hapo linaloweza kupimwa. "Ya kisasa" ni ya mwaka gani? "Imara" kwa kipimo kipi? Kiandikwe upya hivi:

"Boti ya faiba yenye urefu usiopungua mita 7, ya kubeba watu 7 na vifaa. Sakafu bapa, isiyoteleza, yenye nafasi wazi ya sentimita 210 kwa 70 kwa ajili ya machela, yenye vishikizo vinne vya kuifungia, na kiti cha muuguzi upande wa kichwa cha mgonjwa. Paa la turubai lisilopitisha maji, lenye ndoano ya dripu na kishikizo cha mtungi wa oksijeni."

Sasa mzabuni anajua alete nini, na mpokeaji anaweza kuja na futi kamba.

*Ganda.* Dai mchoro wa tabaka za faiba na unene wa chini, ubavuni na kwenye mkuku. Unene haupimiki kwa macho. Andika kwamba kile kipande cha duara kinachotoka pale tundu la kumwagia maji linapotobolewa kitunzwe na kukabidhiwa. Ukikipima na kukitazama pembeni utaona tabaka zimeshikana au zina viputo vya hewa. Ubao wa tezi, pale injini inapofungwa, huwa na mbao ndani ya faiba. Kila tundu la bolti lizibwe kwa gundi ya majini, kwa sababu maji yakiingia humo mbao inaoza kimyakimya na siku moja injini inaanza kucheza.

*Povu la kuelea.* Boti ikijaa maji lazima iendelee kuelea na watu wakiwa wameishika. Mita moja ya ujazo ya povu hubeba kilo 930 hivi kwenye maji baridi. Kwa boti ya mfano wetu: ganda la kilo 600 likizama hubaki na uzito wa kilo 200 hivi, injini mbili (kubwa na ndogo ya dharura) kilo 120, betri na vifaa kilo 40, na watu saba waliomo majini wakiegemea, kilo 30 kila mmoja, ni 210. Jumla ni kilo 570, sawa na mita za ujazo 0.6. Andika 0.7. Andika pia kwamba liwe povu lenye vishimo vilivyofungwa, lisilonyonya maji, kwa kuwa sponji ya godoro ikifichwa chini ya sakafu huonekana sawa siku ya mapokezi, na baada ya msimu mmoja wa mvua inakuwa mzigo. Povu liwekwe ubavuni juu, pande zote mbili. Likiwekwa chini ya sakafu peke yake, boti iliyojaa maji hugeuka kifudifudi.

*Injini.* Usiandike jina la kampuni. Kanuni hazitaki hivyo, na pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, lazima maneno "au inayolingana nayo" yafuate. Eleza nguvu, aina ya mafuta, namna ya kuwasha (kwa betri na kwa kamba, zote mbili), na kwamba muuzaji awe na spea na fundi ndani ya mkoa wa Mwanza. Injini isiyochanganya oili hula mafuta kidogo na haina moshi mwingi. Ile ya kuchanganya ina vipande vichache na mafundi wa Kirumba au Igombe wanaifungua bila shida. Kama fundi wa karibu wa aina ya kwanza yuko safari ya siku nzima, chagua ya pili. Hilo ni pendekezo letu, na kituo kinaweza kuamua vingine kikiwa na sababu. Ongeza injini ndogo ya dharura, farasi 10 hadi 15, ya kukurudisha nyumbani.

Urefu wa shingo ya injini husahaulika karibu kila mara. Injini huja na shingo ya inchi 15, 20 au 25, na lazima ilingane na kimo cha ubao wa tezi, kupimwa kutoka ukingo wa juu hadi chini ya ganda katikati. Shingo ikiwa fupi, rafadha (panga la injini linalosukuma boti) hunyonya hewa kwenye mawimbi, injini inapiga kelele na boti haiendi. Ikiwa ndefu, inaburuta maji, inakula mafuta na kugonga mawe, na miamba ya ziwa letu wote tunaijua. Andika: bamba lililo juu tu ya rafadha liwe usawa wa chini ya ganda, au lishuke lisizidi inchi moja.

Jambo dogo lenye gharama kubwa: vipande vya chuma vya kujitoa kafara, vile vinavyofungwa kwenye injini ili viliwe na kutu badala ya injini yenyewe. Injini nyingi huja na vya zinki, ambavyo ni vya bahari. Kwenye maji baridi zinki hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi, kisha aluminiamu ya injini ndiyo inayoliwa. Dai vya magnesi. Na kwa sababu ya magugu maji, dai pia chujio la tundu la kunyonya maji liwe rahisi kufunguliwa na kusafishwa kwa mkono, pamoja na impela mbili za akiba za pampu ya maji.

*Jaketi okozi.* Ziwa hili lilichukua abiria wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, karibu kabisa na Ukara. Jaketi haliwekwi kujazia orodha. Andika idadi (9 kwa boti ya watu 7: sita za wakubwa, mbili za watoto, moja ya mtoto mchanga), nguvu ya kumfanya mtu aelee isiyopungua nyutoni 100 kwa za watu wazima, na 150 kwa njia zinazokatiza maji ya wazi, kola ya kuinua kichwa, filimbi, mistari ya kung'aa usiku, na lebo ya kiwango. Zile nyepesi za nyutoni 50 ni msaada kwa anayejua kuogelea, hazimgeuzi mtu aliyezimia uso ukaangalia juu. Mgonjwa wako huenda amezimia.

Malizia na taa za safari (nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe inayoonekana pande zote), kurunzi kubwa, nanga na kamba ya mita 50, makasia mawili, kizima moto, ndoo ya kukumbia maji na simu ya redio isiyoingia maji.

Wapelekee rasimu TEMESA (wakala wa serikali wa ufundi na vivuko) na chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi waisome kabla haijapandishwa. Masahihisho yao leo ni penseli tu. Baada ya zabuni kutangazwa ni marekebisho rasmi, na baada ya mkataba ni fedha.

Zabuni na tathmini

Sehemu hii mfumo unaibeba kwa kiasi kikubwa: zabuni hutangazwa, huwasilishwa na kufunguliwa ndani ya NeST. Wajumbe wa tathmini watamke mgongano wa masilahi kabla ya kuona majina, na wapime kwa vigezo vilivyotangazwa tu. Kigezo kipya kisizaliwe mezani, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa boti, dai mzabuni aambatishe mchoro, jedwali linalojibu kila kigezo kwa tarakimu, na ushahidi wa boti alizowahi kujenga. Jibu la "tumekubali" bila kipimo lihesabiwe kuwa halijajibu, na hili liandikwe wazi kwenye nyaraka za zabuni ili asiwepo wa kushtuka.

Bei ikiwa chini mno kuliko makadirio, mtake mzabuni aifafanue kwa maandishi. Mara nyingi utakuta ameacha povu, au ameweka injini iliyotumika. Bodi ya Zabuni ikiidhinisha, kusudio la kutunuku hutolewa kwa wote, na siku za kusubiri malalamiko ziheshimiwe. Anayelalamika aende kwa Afisa Masuuli (mkurugenzi wa halmashauri) kwanza, kisha PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni za umma.

Mkataba

Vitu vitano viingizwe:

1. Hatua za lazima za ukaguzi karakanani. Ya muhimu kuliko zote: sakafu isifungwe kabla mkaguzi wa halmashauri hajaona na kupima povu. Ikishafungwa, hakuna atakayeifungua.
2. Muda wa kuwasilisha, siku 90 hadi 120, na fidia kwa kila siku ya kuchelewa.
3. Mahali pa makabidhiano: mwalo wa kituo kinachohusika, siyo uwanja wa muuzaji mjini.
4. Malipo ya awali, kama yapo, yatolewe dhidi ya dhamana tu, na malipo ya mwisho yafuate cheti cha kukubali, ambacho hutolewa baada ya majaribio yote mawili yaliyoelezwa hapa chini.
5. Udhamini wa mwaka mmoja, ukitaja fundi atafika kisiwani ndani ya siku ngapi na nauli ni ya nani. Bila sentensi hiyo, udhamini huishia Mwanza mjini.

Mapokezi mwaloni

Afisa Masuuli ateue kamati yenye mtu anayejua injini, muuguzi atakayeitumia boti na nahodha atakayeiendesha. Waliofanya tathmini wasiwe hao hao wa kupokea. Kamati ije na mkataba, futi kamba, mizani na mifuko kumi ya mchanga ya kilo 50.

Nchi kavu kwanza. Pima urefu, nafasi ya machela na kimo cha ubao wa tezi. Lete machela halisi ya kituo uipakie, kwa sababu machela ya kwenye mchoro haina magurudumu yanayokwama. Linganisha namba ya injini na ya kwenye hati. Injini mpya haina rangi iliyopakwa juu ya bolti zilizochubuka. Kwangua kipande cha kafara uthibitishe na hati ya muuzaji kuwa ni magnesi. Hesabu jaketi, soma lebo ya kila moja, kisha mvalishe mtu mmoja aingie majini hadi kifuani alegeze mwili. Kama kola haiinui kidevu, zikatae zote.

Kisha majini, jaribio la kwanza. Pakia mifuko kumi, ambayo ni kilo 500, sawa na abiria saba hivi, nahodha awe juu yake. Washa kwa betri mara tano, kisha kwa kamba. Mchirizi wa maji ya kupoza injini lazima utoke mfululizo. Ukikatika, zima papo hapo. Endesha nusu saa kwa mwendo wa kati. Usibane gesi hadi mwisho, kwani injini mpya inahitaji saa 10 za kulainishwa, na katika saa hizo injini nyingi za kuchanganya hutaka oili mara mbili: lita 1 kwa tangi la lita 25, badala ya nusu lita ya kawaida. Fuata kitabu chake.

Saa hizo 10 zitumike kumfundisha nahodha, fundi wa mzabuni akiwa ndani. Baada yake lifanyike jaribio la pili, la mzigo kamili na mwendo uliotajwa, safari nzima ya kwenda hospitali na kurudi, mafuta yakipimwa kabla na baada. Boti ikitumia lita 30 kwenda badala ya 22, tafuta sababu siku hiyo: rafadha isiyofaa, shingo ndefu, au ganda zito kuliko mchoro.

TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wakague chombo na kutoa usajili na cheti kabla ya mgonjwa wa kwanza kupanda. Kasoro zote ziandikwe na kusainiwa na pande zote mbili hapo hapo mwaloni. "Tutarekebisha wiki ijayo" isiyoandikwa haina wa kuitekeleza. Cheti kikisainiwa, boti iingizwe kwenye leja na rejesta ya mali, injini na jaketi kila kimoja kwa namba yake.

Mwezi wa kwanza

Fungua daftari la boti: tarehe, saa za injini, lita zilizoingia, aliyesafirishwa kwa namba ya jalada, na saini ya nahodha na ya muuguzi. Mwite fundi wa mzabuni kwa huduma ya kwanza kati ya saa 10 na 20 za injini, kisha kila saa 100. Kabla dirisha la bajeti halijafungwa, ingiza kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka unaofuata plagi, impela, chujio la mafuta, oili ya giaboksi, rafadha moja ya akiba, seti ya magnesi, na jaketi mbili za kubadilishia zitakazochanika.